Hodi Kwenye Nyumba Yake Mwenyewe

Katika ofisi za mawakala wa forodha zilizopangana karibu na geti la mpakani Busia, upande wa Uganda, Benedeta alijulikana kwa mambo mawili: mkono mwepesi na mdomo mzito. Dereva angefika na lori la vigae au la mchele, amechoka kusubiri siku tatu, hasira zimempanda hadi masikioni. Benedeta angezipokea karatasi zake bila neno, akazijaza kwenye kompyuta, akamrudishia zikiwa zimenyooka. "Huyu mama ukimpa siri, umeitupa kisimani," madereva walisema. Ndiyo maana kwa muda wote yalipomkuta yaliyomkuta, hata mwenzake wa meza ya pili hakujua kitu.

Kwao ni Samia, karibu na ziwa. Aliolewa na Luke Oboth, kijana wa kijiji cha Petta, fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji Tororo. Ng'ombe walitolewa, kanisa likabariki, akazaliwa Patience, na baada ya Patience hakuzaliwa mwingine. Miaka mingi walipanga nyumba za watu. Kisha wakanunua kiwanja kando ya barabara ya Rubongi, mahali ambapo asubuhi askari wa kambini hupita wakikimbia na kuimba, nao wakaenda benki kuomba mkopo wa kujenga. Mshahara wa mmoja haukutosha. Ya wawili ilitosha. Wakatia sahihi wote wawili, miaka kumi na mitano, hati ya kiwanja ikabaki benki kama rehani, na wao wakaenda kula kuku mjini kama watu waliopasi mtihani.

Fundi alipofika kwenye ukuta wa jikoni, Benedeta alimwomba dirisha alishushe kidogo, ili mtu akiosha vyombo auone mwamba wa Tororo. Luke alicheka. "Jiwe hilo halitakimbia, Mama Patience. Ukitaka kuliona si utoke nje?" Lakini dirisha likashushwa.

Luke hakuondoka kwa kishindo. Alipungua kama maji kwenye ndoo yenye tundu. Mwanzo zilikuwa Jumamosi za kwenda Petta kupalilia mihogo. Kisha ikaongezeka Jumatano. Kisha siku moja Benedeta akaona kwamba wembe wa kunyolea haupo bafuni, na wala hakukumbuka ulitoka lini. Ilikuwa mwezi wa kwanza, Patience ameshakwenda chuo cha uuguzi Mbale, Luke alipokaa mezani na kofia yake mkononi kama mgeni.

"Mama Patience, mimi nimechoka kudanganya," alisema. "Kule Petta kuna mtu. Anaitwa Athieno. Tuna mtoto wa mwaka mmoja."

Benedeta alikuwa akichagua mchele. Aliendelea mpaka sinia ikaisha. Kisha akauliza, "Na nyumba?"

Luke alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Baadaye Benedeta aliona haya kwamba ndilo lililomtoka kwanza. Lakini yale mengine yalikuwa makubwa mno kuulizwa. Nyumba angalau ilikuwa na kuta.

Miezi mitatu Luke alitoa sehemu yake ya marejesho. Mwezi wa nne hakutoa, wala wa tano, na barua ya benki ikaja, yenye majina ya wote wawili juu yake, jina la mume kwanza. Benedeta aliikunja, akaenda kusimama nje ya lango la kiwanda saa ya kubadilishana zamu. Wanaume walitoka kwa makundi, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi, na kwa muda mfupi wote walifanana na mume wake.

"Nina nyumba mbili za kulisha sasa," Luke alisema walipojitenga kando. "Tuuze. Tulipe benki, tugawane kitakachobaki."

"Na kisipobaki kitu?"

"Basi tutagawana hicho hicho kisichobaki."

Akacheka kidogo, na Benedeta naye nusura acheke, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa Luke siku zote, mtu wa kukutania hata nyumba ikiungua. Hilo ndilo lililomchoma njia nzima ya kurudi. Si kwamba alikuwa amegeuka mtu mwingine. Alikuwa yule yule.

Wiki mbili baadaye akaja Owor, kaka mkubwa wa Luke. Alikuja kwa heshima, akanywa chai, akaulizia masomo ya Patience. Kisha akaweka kikombe chini.

"Shemeji, sisi hatuna ugomvi na wewe. Ukitaka kurudi kwenu, mambo ya ng'ombe tutaongea na ndugu zako polepole. Lakini nyumba ya mwanamume ni ya ukoo wake. Hiyo uiache."

"Nimeilipia miaka tisa, shemeji."

"Umelipia ukiwa mke wetu," Owor alisema, tena bila ukali, kama anayemfundisha mtoto jina la mti.

Benedeta akaenda Samia kwa kaka yake, Bwire. Bwire alimpokea vizuri, akachinja, akamsikiliza mpaka mwisho. "Rudi, dada. Kwenu ni kwenu," alisema. Kisha akatembeza macho uani, kwenye nyumba tatu za wanawe, na Benedeta akamwona anavyopima kwa macho. "Pale nyuma ya jiko panaweza kutosha chumba," Bwire akasema hatimaye. Alisema kwa moyo mweupe. Lakini siku ile Benedeta alirudi Tororo akielewa jambo ambalo hakuwahi kulitazama usoni: Petta si kwake, Samia si kwake tena, na mahali pekee duniani palipoandikwa jina lake ni karatasi iliyofungiwa kwenye sefu ya benki.

Ndipo alipomtafuta wakili. Emoit alikuwa na ofisi ghorofani, juu ya duka la mabati, na ilimbidi mtu apaze sauti kila bati lilipokatwa kule chini.

"Mama, jambo la kwanza unielewe," Emoit alisema. "Benki haikualikwa kwenye ndoa yenu, na talaka yenu haiihusu. Mahakama inaweza kuwatenganisha leo. Kwa benki ninyi bado mko wawili mpaka deni liishe. Mmoja akikimbia, aliyebaki anabeba lote."

"Hata kama hakimu ataandika kwamba nyumba ni yangu?"

"Hakimu ataandika kati yako na Luke. Benki haimo kwenye kesi."

Akamweleza njia zilizopo. Kuuza na kugawana. Au mmoja amlipe mwenzake sehemu yake na kubeba mkopo peke yake, benki ikikubali. Au waiache ilivyo, majina mawili kwenye deni moja, na kila mmoja amwombee mwenzake afya njema. Emoit alimtazama. "Wewe unataka nini?"

Benedeta hakumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. "Nataka nyumba," alisema, na bati likakatwa, ikabidi aseme tena kwa sauti. "Nataka nyumba!"

Luke hakupigana. Katika kile chumba kidogo cha mahakama walikowekwa wasuluhishwe, alisema sehemu yake ataiacha, kwa ajili ya Patience, ila kwa sharti moja: jina lake litoke kwenye deni. Alitaka kukopa tena ajenge Petta, na hakuna benki ingempa huku deni la Tororo likimning'inia shingoni. Basi Benedeta akaenda benki na mafaili yake. Aliyempokea ni Barbara, binti mdogo mwenye sauti ya upole na kalamu asiyoacha kuigeuzageuza.

"Nyabo, mama yangu, karatasi zako ni safi sana," Barbara alisema. "Lakini mshahara wako peke yake haufiki. Siwezi kumtoa mzee kwenye mkopo."

"Hakuna njia yoyote?"

Barbara aliyafunua mafaili tena. "Ukilipa miaka miwili bila kuruka hata mwezi mmoja, wakubwa wanaweza kukuangalia upya, wewe mwenyewe. Si lazima iwe mshahara tu. Hata kodi tunahesabu. Nyumba unayo. Ipangishe."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Luke akakubali kusubiri miaka hiyo miwili, na talaka ikatoka mwezi wa kumi. Benedeta aliwahi kuona kontena la mitumba likichukua muda mrefu zaidi kutoka forodhani. Emoit alimpa mkono, Luke naye akampa mkono, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, wale wawili ambao sasa hawakuwa chochote walisimama pamoja barazani pa mahakama karibu robo saa, wakisubiri ipungue.

Aliyepanga nyumba alikuwa Okware, mwalimu wa chuo cha ufundi, na mkewe Akullo na watoto wanne. Walilipa kodi nzuri na kwa wakati. Benedeta akatafuta chumba Busia, karibu na kazi. Chumba kimoja chenye mlango unaotazama ua, kile ambacho Uganda watu hukiita muzigo. Mchana kutwa alishinda na mizigo ya watu, na jioni akaingia kulala ndani ya muzigo. Alilifikiria neno hilo siku ya kwanza, likamchekesha, akageuka amwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Kitanda cha Tororo hakikupita mlangoni, akakiuza kwa jirani. Alichukua godoro dogo la Patience, jiko, sufuria mbili, meza. Vingine alivifungia kwenye stoo ya nyumba, ufunguo akauweka kwenye pochi. Jioni alipika posho, ugali wa ngumi moja. Sokoni aliomba nyanya moja, na mama wa nyanya akamtazama, akaongeza ya pili bure, na Benedeta akakasirika bila kujua kwa nini, asirudi tena kwenye meza ile.

Ofisini hawakujua. Kwao alikuwa bado Mama Patience wa Tororo, mwenye nyumba yenye vigae. Ijumaa walimwambia, "Msalimie mzee," naye akajibu, "Zimefika."

Jumapili ndizo zilizokuwa ndefu. Parokiani kwake Tororo hakutaka kwenda, kwa kuwa akina mama wa chama wangemwuliza na yeye asingeweza kudanganya ndani ya kanisa. Busia ya Uganda walikuwapo watu waliomjua. Basi akawa anavuka mpaka kwa miguu, asubuhi, malori yakiwa yamelala, anakwenda kusali Busia ya Kenya. Mwisho wa misa ya kwanza padri akawaomba wageni wasimame. Benedeta akasimama, na kanisa zima likampigia makofi. "Karibu sana, mama, jisikie uko kwenu," padri akasema kwenye kipaza sauti.

Jumapili iliyofuata akasimama tena. Na iliyofuata. Tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, makofi yale ndiyo neno pekee aliloambiwa na binadamu. Jumapili ya tano mzee wa kanisa, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani, akamshika bega kwa upendo kabla hajainuka. "Mama, wewe si mgeni tena. Wewe sasa ni wetu." Benedeta akaketi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyempigia makofi, na kwa kuwa kila mtu alidhani kuna mwingine anayemjua, hakuna aliyemsemesha.

Patience alipiga simu kila Jumatano. "Mama, unakula?" "Nakula." "Mama, njoo Mbale ukae na mimi wiki moja." "Nani atapitisha malori?" Kisha zingekuja habari za wodini, wagonjwa, walimu wakali, na Benedeta angesikiliza akiwa amefumba macho. Hakumwambia kwamba Krismasi ya kwanza aliila kwa mandazi na soda, ilhali Patience alikuwa zamu.

Mwezi wa nne Akullo alipiga simu: maji ya mvua yanaingia korido. Benedeta alikwenda Jumamosi na fundi. Fundi akazunguka nyuma na ngazi yake. Benedeta akabaki mbele ya mlango alioupaka rangi kwa mkono wake. Mkono wake ulikwishashika kitasa. Akauondoa.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Ndani redio ilikuwa ikiimba na watoto wakikimbizana.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" Akullo alitokea akijifuta mikono, mwanamke mcheshi, mwenye mwili wa kujaa mlango. "Aa, mama mwenye nyumba! Karibu ndani. Samahani, viatu tunavulia hapo, watoto wametoka kupiga deki."

Benedeta akavua viatu. Akakalishwa kwenye kiti cha wageni, akaletewa chai na karanga. Pale alipokuwa anakaa yeye akisuka nywele za Patience, alikaa mtoto wa tatu wa Akullo akichora lori, ametoa ulimi nje kwa bidii. Nyumba ilinuka kitunguu na sabuni ya watu wengine. Ilikuwa na furaha, hilo halikumfichika. Kwa ile miaka yake ya mwisho na Luke haikuwahi kuwa na kelele namna ile.

"Kuna kitu nilitaka kukuomba," Akullo alisema. "Lile dirisha la jikoni liko chini sana. Tunataka tuweke kabati mbele yake, tupate mahali pa vyombo. Haidhuru?"

"Haidhuru," Benedeta alisema. "Fanyeni mnavyopenda."

Akamaliza chai yote, akashukuru, akavaa viatu. Hakulia. Alipofika barabarani alimsimamisha boda na kumtajia Petta, kwa sauti thabiti, kisha akashtuka. Mtu wa boda akamwambia, "Petta ni mbali, mama, na mvua inakuja." "Nimekosea," alisema. "Stendi. Nipeleke stendi." Alitaka kwenda kumwambia Luke nini? Hata leo hajui.

Miaka miwili ikaisha bila mwezi kurukwa. Barbara alipiga simu mwenyewe: wakubwa wamekubali, waje wote wawili kutia sahihi. Walikutana kwenye benchi la benki, Jumanne asubuhi. Luke alikuwa amekonda. Mvi zilikuwa zimemwanzia karibu na masikio, na shati lake lilikuwa na doa la maziwa ya mtoto begani. Walisalimiana kwa majina ya zamani, kwa kuwa mapya hawakuwa nayo.

"Baba Patience."

"Mama Patience. Nilifikiri ungeshindwa."

"Mimi pia."

Akatikisa kichwa, nusu kwa kusifu. "Na mwamba unauona bado kwenye dirisha lako? Mimi kila nikipita Rubongi nasema, huyo sasa amekaa humo kama malkia, mimi huku nimejazana na watoto kwenye vyumba viwili."

Benedeta alimgeukia. Ndipo alipoelewa kwamba Luke hakujua. Miaka miwili alikuwa akimwona katika mawazo yake, akizunguka mle ndani, anafungua mapazia.

"Mimi siishi pale, Luke. Ile nyumba nimepangisha. Naishi Busia, chumba kimoja."

"Tangu lini?"

"Tangu talaka."

Watu wawili waliitwa dirishani, wakahudumiwa, wakaondoka. "Kama ungeniambia," Luke alisema.

"Ungefanya nini?"

Barbara akawaita. Walitia sahihi mahali palipowekwa alama, kurasa saba, Luke kwanza. Nje alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akasema, "Msalimie binti," akapanda pikipiki yake. Benedeta alimtazama mpaka alipopinda kona, na hakusikia ushindi wowote. Alisikia njaa. Akaingia hoteli ya jirani akaagiza matoke na nyama, akala peke yake meza ya watu wanne.

Mwishoni mwa mwaka ule Okware alihamishiwa Soroti, na Benedeta akafanya uamuzi. Deni lilikuwa limepungua, Patience alikuwa amepata kazi na kusema atasaidia. Vyumba viwili vya nyuma akavipangisha kwa wauguzi wawili, akatoboa mlango wao wa pembeni, na upande wa mbele akarudi mwenyewe, mwezi wa tatu, mvua za kwanza zilipoanza. Miaka mitatu na kidogo ya marejesho ilikuwa imebaki.

Siku ya kwanza alizunguka chumba hadi chumba. Ukutani kulikuwa na misumari ambayo hakuipigilia. Kwenye sakafu ya korido mtoto wa Akullo alikuwa amekwaruza alama za matairi. Benedeta alifungua stoo, akatoa vyake kimoja kimoja, akavifuta vumbi, na vilipokwisha kupangwa vikaonekana vichache, kama vimeletwa na mtu aliyekuja kulala siku mbili. Wauguzi walikuwa watu wa zamu. Aliwasikia zaidi ya kuwaona. Aliona kwamba ukimya wa vyumba vingi si sawa na ukimya wa chumba kimoja. Huu ulikuwa na mahali pa kutembea.

Patience alikuja Pasaka. Alilala mpaka saa tatu, akala mara mbili, akamsuta mama yake kwa kutonunua kitanda kikubwa. Jioni waliketi barazani.

"Mama, hukujuta? Ungeuza tu. Ungekaa raha."

"Nilijuta sana," Benedeta alisema. "Nilijuta karibu kila Jumapili. Lakini ningeuza, nikiulizwa kwako wapi, ningesema nini?"

"Ungesema kwangu."

"Wewe nawe utaolewa."

"Na nikiolewa?"

"Nitakuambia siku hiyo. Kwanza uwe na chako, chenye jina lako, hata kama ni choo."

Patience akacheka sana, Benedeta naye, na mbwa wa jirani akabweka.

Jumatatu ya sikukuu Patience akarudi Mbale. Jumanne Benedeta aliamka saa kumi na moja, askari wakiwa hawajaanza kuimba, akaoga, akafunga mlango, akashuka stendi kutafuta gari la Busia. Alikuwa na kijikaratasi mfukoni: malori sita ya mchele yalikuwa yamelala mpakani tangu Ijumaa Kuu, na madereva wake walikuwa na hasira.